Siku Niliyomwita Ndugu Yangu Mgeni

Nakumbuka siku moja, mwanangu, enzi watu walipokuwa wakikimbilia dhahabu huku kwetu Tarime hata mahindi ya kijijini kwetu Nyamwaga yakakosa wa kuyapalilia. Nilikuwa nachimba shimo moja na Marwa, mtoto wa baba mkubwa. Boma lao liko ng'ambo, Kenya. Si kwamba babu alihama. Wakoloni ndio waliopitisha mpaka kati ya boma lake na malisho yake, Mjerumani huku, Mwingereza kule, bila hata kumwamkia. Ulipokuja uhuru tukapata bendera mbili, na mpaka ukabaki palepale. Sisi tuliuvuka tu tukifuata ng'ombe. Mimi na Marwa tulitahiriwa siku moja, na kwetu Wakurya watu wa rika moja hawakanani.

Basi tukaupata mwamba wenye dhahabu, tamaa ikanipanda kichwani. Sungusungu, wale walinzi wa kijiji, walipopita wakiulizia wageni, nikamnyooshea kidole.

"Huyu ni Mkenya."

Marwa alidhani natania. "Chacha, mimi? Si tulitahiriwa pamoja?"

"Rudi kwenu," nikasema. Aibu ninayo mpaka leo.

Walimsukuma hadi barabarani, matope mwili mzima. Shimo likawa langu, ila si kwa muda mrefu. Neno "mgeni" lilishazoeleka pale machimboni. Mwezi haukuisha, vijana wa kijiji chenye machimbo wakasema mimi wa Nyamwaga si mwenzao, wakanitoa. Baadaye koo zikaanza kutoana zenyewe, mapanga yakatoka. Wazungu walikuwa wameondoka zamani, mwanangu. Mipaka hiyo tuliiweka wenyewe.

Marwa alipofariki nilivuka nikamzike. Nikashika jembe nichimbe kaburi, kama inavyompasa mwenzake wa rika. Mwanawe mkubwa akalitoa mikononi mwangu kwa adabu.

"Shikamoo mzee. Wageni kutoka Tanzania wanakaa kule."

Nikaenda nikakaa.

Sitakudanganya kwamba mambo haya yatarekebika. Sioni dalili, na nimechoka kuitafuta. Ila nakusihi: iheshimu nchi yako, lakini usimkane ndugu yako kwa sababu ya mpaka, hata dhahabu iwe imelala miguuni pako. Wakishamaliza kumfukuza yeye, watakugeukia wewe.

Mungu akupe maisha marefu, mwanangu, na siku yako ikifika akupe watu wa kukuzika.