Siku Nilipomwangusha Baba Mkwe Darajani

Jamani nichekeni tu, lakini mkimaliza mnisitiri, maana mpaka leo nikienda kwa wakwe zangu, bondeni kule chini ya milima ya Amani, napita nimeinamisha kichwa kama mwizi wa kuku.

Kazi yangu ni madaraja. Pale mtoni kwao mbao za daraja zilikuwa zimeoza, tukazing'oa, tukaweka sakafu mpya ya nyuzi za kioo zilizogandishwa kwa gundi, nyepesi, haiozi, haishiki kutu, kijani inayong'aa mpaka unajiona sura. Kilichobaki ni kupaka gundi juu na kumwagia mchanga ili mguu ushike, kazi ya asubuhi moja, na mchanga nilikuwa nao. Nikasema aa, mgeni rasmi anakuja wiki ijayo, acha kwanza auone ule mng'ao, apigwe picha, mchanga baadaye (ujinga huo!).

Mgeni hajafika, baba mkwe akafariki. Makaburi yako ng'ambo ya mto. Tumetoka na jeneza, manyunyu yameanza, kalima inasomwa, na mnajua wanaume wanavyogombania kubeba, huyu anaingiza bega, yule anatoka, wote mbio na kandambili zao, na mimi mkwe niko mbele, lazima nionekane. Kufika darajani, kaka wa mke wangu akasimama.

"Shemeji, hapa pamelowa. Tupite majini, yako magotini tu."

"Piteni bwana! Daraja hili linabeba magunia ya iliki, litashindwa na mzee?"

Hata katikati sikufika. Mguu ukaniponyoka, nikaenda chini, wa nyuma wakanifuata mmoja juu ya mwingine, jeneza likapinduka, na baba mkwe, wallahi, baba mkwe na sanda yake nyeupe akaingia mtoni kwenye tope. Kalima ikakatika. Nikamsikia shemeji analia kwa sauti, mtu mzima yule. Ikabidi tumrudishe nyumbani akaoshwe upya, na aliyetufungulia mlango ni mjane wake. Akamtazama mumewe, akanitazama mimi.

"Mwanangu, hata kumzika tu?"

Tulipotoka naye tena, tukapita majini.

Kesho yake nikamwaga mchanga, peke yangu, nimepiga magoti. Na nimeapa sitaruhusu tena mguu wa mtu kwenye daraja lisilo na mchanga, hata aje mgeni gani. Sasa wanapita wote, hata pikipiki, hata mvua ikinyesha. Ila mama mkwe hapandi. Juzi nimemkuta na utu uzima wake kapandisha kanga, anavuka majini pembeni ya daraja langu, nikamwamkia kutoka juu, "Shikamoo mama," akaitikia marahaba bila kuinua uso.