Vidole Viwili Nyuma ya Kisigino

Nauza viatu vya mitumba katika soko la Arua, na kwa miaka kumi na minane hakuna mteja aliyewahi kuniomba kiatu cha barafu. Wa kwanza alikuwa mdogo wangu wa kike, muuguzi upande wa Kuluva. Alikuwa amepata kibarua cha wiki mbili, kuwatunza watu waliokwenda kupima barafu juu ya milima ya Rwenzori. Ndiyo, Uganda ina barafu. Wateja wangu wengi hawaamini, na mimi mwenyewe sikuwa nimeamini sana.

Waajiri walimpa orodha. Kwenye barafu kubwa wangempa vyuma vya kufunga kwa mikanda, lakini kwa njia za mawe zenye utando wa barafu kila mtu alitakiwa aje na vyake: mpira wa kuvutika unaovishwa juu ya buti, wenye minyororo na meno ya chuma chini. Alinionyesha picha kwenye simu, nikamwambia ninavyo. Jozi mbili zilikuwa zimekuja ndani ya belo la viatu, nikazitundika mwezi mzima bila kujua ni nini. Mtu mmoja alitaka kununua moja amfunge mbuzi mdomo.

Jozi ya kwanza ilikuwa ndogo. Kuivisha juu ya buti zake kulitaka mikono miwili, goti la mtu mwingine, na maneno ambayo mama yetu hajui kama tunayajua. Jozi ya pili iliingia kama ndala.

Lazima niseme tulivyolelewa. Kwetu kiatu hakikununuliwa cha kutosha, kilinunuliwa chenye nafasi: vidole viwili vya mama nyuma ya kisigino, na pamba mbele mpaka mguu ufike. Viatu vyangu vya shule vilinitosha mwaka nilioacha shule. Wateja wangu bado hupima hivyo hivyo, hata wazee ambao miguu yao iliacha kukua zamani.

Mdogo wangu aliniambia nimchagulie, kwa sababu viatu ni kazi yangu kama sindano zilivyo kazi yake. Nikasema tujaribu kwanza. Tulikwenda kwa mama muuza samaki, akatupa bonge la barafu lenye magamba, na mdogo wangu akapanda juu yake na ile jozi kubwa. Alisimama na hakuteleza. Ni kweli kwamba hakutembea pia, maana bonge lilikuwa dogo kuliko sinia. Watu walikusanyika, mmoja akauliza hiyo ni dawa ya nini. Mwenye samaki akataka barafu yake. Nikatangaza kwamba jozi kubwa imefaulu.

Aliposhuka niliuona ule mpira ukicheza. Niliuona vizuri. Nikajiambia huko juu kuna baridi, atavaa soksi mbili, nafasi itajaa. Soksi huvaliwa ndani ya buti, na mpira huvishwa nje. Nilikuwa na miaka yote hiyo ya biashara ya viatu na hilo sikulifikiria.

Tukaenda Koboko kumuaga mama. Aliingiza vidole viwili kati ya mpira na buti, akavizungusha. "Iko na nafasi," alisema. "Muzuri." Akatuombea dua, tukala, na mimi nikafurahi kwamba mtu mwingine amekubaliana nami.

Kwa siku tisa simu yake haikupatikana. Siku hizo niliogopa na sikumwambia mtu. Niliuza vibaya: mtu wa Manibe aliondoka na viatu viwili vya kushoto, akarudi kesho yake akiwa amevivaa.

Mdogo wangu alirudi na nyuzi sita kwenye kidevu na meno ya chuma ya mguu mmoja tu. Alikaa kwenye benchi langu, akanieleza bila kupandisha sauti. Walikuwa wakishuka, njia ikapita juu ya mwamba ulioinama wenye barafu. Mpira wa kushoto ukazunguka, ukachomoka, ukabaki juu naye akienda chini. Mpishi wao alimdaka kwa mkanda wa begi. Nilimuuliza chini ya pale palikuwa na nini, akasema hapakuwa na kitu, hewa tu. Wengine wote walivaa zinazobana, na jioni walisaidiana kuzivua kwa zamu wakicheka. Siku za kwanza alidhani wamekosea saizi.

Nilingoja anilaumu. Aliniomba tu mama asijue, tuseme kidevu kiligongwa na mlango wa gari. Mama aliambiwa hivyo, akalaani gari. Kisha akauliza kama ile ya barafu ilimtosha.

"Ilitosha, mama," mdogo wangu alisema, bila kunitazama.

Sikulala vizuri. Juma lililofuata nilipanda gari peke yangu hadi Koboko, nikamwambia mama yote, hata kwamba niliuona mpira ukicheza nikanyamaza. Nakiri kwamba sikwenda kwa ajili ya ukweli peke yake. Vidole viwili vilikuwa vyake, na nilitaka abebe nusu. Mama alikuwa akichambua maharage, na hakuacha.

"Mimi nilikuwa nanunua kiatu ya mutoto, akue nayo," alisema. "Huyu iko mutu mukubwa. Yeye ilikuwa aende tu, arudi."

Nikasema nimeelewa. Nikamwahidi kwamba siku mdogo wangu akiitwa tena, nitamchagulia mimi mwenyewe, na itabana mpaka alie.

Mama alitupa jiwe moja dogo nje ya ungo. "Wamemuita tena," alisema. "Amenunua yake, mupya, huko Kampala. Hakukuambia?"

Hakuwa ameniambia.