Siku Nilipoamua Kutojali

Nakiri leo: siku omena za Mama, dagaa alioanika ufukweni, ziliponyeshewa, sikuwa nimelala. Kwa zaidi ya miaka thelathini nimeapa kwamba nililala.

Enzi zetu kule Kisegi, mtoto hakuwa na ruhusa ya kutojali. Wingu likichomoza upande wa ziwa, tuliacha mchezo wa kalongolongo, tukaacha uji upoe, tukakimbia ufukweni kuanua omena. Ulianua hata za jirani aliyekutukana asubuhi, mradi tu hakuwepo mtu wa kuziangalia. Harufu ilibaki vidoleni hadi Jumapili, na kanisani hakuna aliyelalamika. Sote tulinuka vivyo hivyo.

Kisha nikaingia kidato cha kwanza shule ya bweni, nikakutana na neno la Kiingereza: nonchalant. Kamusi ya shule ilisema ni mtu asiyeshtushwa na kitu. Nikajiona ndiye. Likizo ya Aprili dada yangu Akinyi alipoenda kuteka maji, aliniachia omena.

"Nyamera, dada yangu, macho kwenye wingu, si kwenye kitabu."

Nikapandisha mabega. Mvua ikaja. Majirani waliniita, wakaanua zao, wakijua zetu zina mtu. Nami nikafungua ukurasa mwingine.

Omena zote zikaishia kwa kuku. Mama akamchapa Akinyi kwa kuondoka. Mimi nikasema nilipitiwa na usingizi.

Siku hizi binti yangu wa chuo kikuu ndiye anayejiita nonchalant. Mwambie nyumba inaungua, atakujibu kwa picha ya kidole gumba. Juzi nilitaka kumkaripia kisomi, nikatafuta asili ya neno lenyewe. Ni la Kifaransa, na mzizi wake wa Kilatini ni kuwa na joto. Yaani mtu asiyepata joto kwa ajili ya chochote wala yeyote. Digrii mbili, na ndiyo kwanza naelewa nilichomfanyia dada yangu. Nikampigia simu palepale sebuleni, binti yangu akiwa kando na simu yake.

"Akinyi, siku ile sikulala."

"Najua. Nilikuwa narudi na maji, nikakuona ukifungua ukurasa."

"Mbona hukumwambia Mama?"

"Angekuchapa wewe. Na ulikuwa umetoka shule juzi tu. Nilikuwa nimekumisi, bwana. Sasa unalia nini, na digrii zako zote?"

Nilipoinua macho, binti yangu alikuwa ameweka simu yake chini.

"Mama," akasema, "muulize tunaenda kumwona lini."