Kipimo cha Bega la Kabanga

Siku yangu ya kwanza kama muuguzi katika chumba cha upasuaji, pale Kolwezi, daktari mkuu alinipa limau na kisahani cha kahawa. Akaniambia nisimamishe kisahani wima, kisha niegemeze limau juu yake. Limau likaanguka. "Njo bega iyi, citoyenne," akasema, yaani bega ndilo hilo. Miaka ile ya Zaire sote tuliitwa raia, citoyen na citoyenne, hata aliyefagia.

Alitaka nijue kwamba kichwa cha mfupa wa mkono ni kikubwa, na mahali kinapokaa kwenye bega ni padogo na bapa. Kinachokizuia kisidondoke ni nyama na kano tu. Basi ukikibadilisha kwa chuma, lazima upate ukubwa wake hasa. Chuma kikiwa kikubwa, kano zinavutika na mkono hauinuki. Kikiwa kidogo, kinachomoka. Na vyuma vyetu vilitoka Ulaya, vimekatwa kwa mabega ya wanaume wa huko, mapana kama milango.

Ndipo akaletwa Mbuyi, dereva wa tingatinga mgodini, bega la kuume limesagika. Desturi yetu ilikuwa kupiga picha ya eksirei bega la pili na kupima hapo, lakini lake la kushoto lilivunjika utotoni likaunga vibaya. Tukikosea, angerudi nyumbani na mkono wa kuning'inia na kazi ingekwisha. Mama yake, mzee wa asili ya Kasai, akasema Mbuyi ana pacha wa kufanana naye, Kabanga, anayeuza betri sokoni Fungurume.

Kabanga akaja. Tukapiga picha bega lake la kuume, daktari akapima kwa rula na kupunguza kidogo, maana picha hukuza mfupa. Tukaagiza chuma kimoja, kile kidogo kuliko vyote. Vikafika viwili, na hakuna aliyejua kwa nini.

Mama alipopata habari ya vyuma viwili alimfuata daktari. Kwao, pacha mmoja akipewa kitu, mwenziwe apewe hichohicho, la sivyo balaa huingia nyumbani. "Tata docteur," akauliza, "ya Kabanga iko wapi?"

Daktari hakumcheka. Alimpa Kabanga ile picha ya bega lake, iwe zawadi yake. Mama akaiinua kwenye mwanga.

"Kivuli haiko chuma," akasema.

Mbuyi alipona vizuri, akarudi kwenye tingatinga. Kabla mvua za mwaka ule hazijaanza, Kabanga akaletwa, bega la kuume linamuuma. Hakuanguka wala hakugongwa. Kwenye picha mpya kichwa cha mfupa kilikuwa kimekufa na kubonyea. Daktari alitueleza kwamba damu huweza kukosa kufika mfupani pasipo ajali yoyote, na ni kweli, nimeyaona hayo tangu wakati ule. Lakini nilipofungua kabati kutoa kile chuma cha pili niliogopa, sioni haya kusema. Kiliingia mara moja, hatukuhitaji kujaribu kingine. Nje, mama hakulia. Aliniambia ashukuriwe Mungu, bega ni kidogo, pacha angeweza kudaiwa mzima.

Nimestaafu zamani, naishi Dilala. Vijana wa leo wanapima mabega kwa mashine, na wanapima vizuri kuliko sisi. Nami huwaambia wamuulize pia mgonjwa alizaliwa pamoja na nani. Wanacheka, na acha wacheke, ujana nao una haki yake.

Mwaka juzi Mbuyi alifariki kwa homa. Baada ya maziko Kabanga alikuja kwangu na ile picha ya zamani mkononi, akaketi karibu na mbabula, jiko langu la makaa, limewaka vizuri. Jasho lilimtoka shingoni. Akaniomba nimguse bega, nami nikagusa. Lilikuwa la baridi kama jiwe la kisimani.

"Mama, Mbuyi balimupatia kaburi," akaniambia. "Na mi?"

Tulikwenda makaburini na jembe, tukaifukia ile picha ubavuni mwa Mbuyi, upande wa kuume, ili naye Kabanga awe amepewa chake.

Kabanga yu hai hadi leo. Ila kila tukikutana huniuliza kama mama yake alisema kweli kwamba kivuli si chuma, nami hujifanya sikusikia.