Magari Mawili ya Harusi ya Dada

Asubuhi ya harusi ya dada yangu kulikuwa na magari mawili uani. La babu yetu, tunayemwita guka, lilikuwa na rangi ya chai ya maziwa, na lilinunuliwa mama hajazaliwa. La binamu yangu wa Nairobi lilikuwa jeusi, limelala chini kama paka anayevizia.

Guka alikuwa ametuambia magoti yamechoka, kwamba akishamfikisha dada kanisani hataendesha tena. Aliomba safari hiyo moja tu. Niliogopa gari litamwaibisha.

"Guka, hii itatufikisha kanisani ama kesho?" binamu akauliza.

"Na yako inakimbilia wapi? Kanisa haina miguu."

Alfajiri binamu alikuwa amenipeleka Karatina kuchukua maua. Kiti kilinikumbatia. Sikusikia injini wala upepo, na mashamba ya chai yaliyeyuka dirishani kama rangi iliyomwagiwa maji. Nilimwona mwalimu wangu wa darasa la nne kando ya barabara. Kabla sijainua mkono, tulikuwa tumeshampita. Ndani ya gari la guka salamu hufika. Yeye hupiga honi penye kila lango, mtu akatoka, wakaulizana habari za ng'ombe, na gari bado linatembea.

Kwetu bibi harusi haondoki kwa kasi. Akina mama hutangulia wakiimba, na gari huwafuata kwa mwendo wao. Gari la guka, dada akiwa ndani, halikuweza mwendo huo. Kwenye kilima lilichemka, mvuke ukafunika kioo, likanyamaza. Guka akaangalia usukani tu.

Binamu akaja mbio. "Dada, shuka uingie kwangu."

"Kwani nimekwambia nimechoka?" dada akamjibu.

Mama mmoja akapiga kelele, "Ati tunangoja nini? Sukumeni!"

Wakazunguka nyuma na vitambaa vyao vya kichwa na viatu vya harusi, wakasukuma bila kukatiza wimbo. Mimi nikashika ukingo wa dirisha la dada. Bati lilikuwa na joto, na wimbo ulipita ndani yake hadi viganjani mwangu. Nyuma yetu gari jeusi lilitambaa taratibu, binamu amezima muziki.

Juu ya kilima magurudumu yakaanza kujiendea yenyewe. Kanisa lilionekana chini.

"Sasa itashika," guka akasema, akitia gia.

"Usiiwashe bado, guka," dada akasema.

Akaacha mguu kwenye klachi. Tukateremka bila sauti, mimi nikikimbia pembeni, mlima mweupe kwa theluji ukielea juu ya migomba, watu wakitoka malangoni na dada akimpungia kila mmoja. Wimbo ulibaki nyuma, ukawa mdogo kama wa redio ya jirani.

Mbele ya kanisa guka akavuta breki ya mkono.

"Shuka, mama," akamwambia dada. "Tumefika."