Rafu ya Mama Mwisho

Ukitaka kitabu kwenye maktaba ile, njia zilikuwa mbili: ukitafute mwenyewe, au umwulize Mama Mwisho wa kaunta ya mbele, akusimulie chote, uondoke mikono mitupu. Wengi walipenda njia ya pili. Fundi viatu wa ng'ambo ya barabara hakuwahi kuazima kitabu tangu azaliwe, lakini alijua riwaya nyingi kuliko wanachuo. Kila mchana alikuja kuegemea kaunta, akamezeshwa hadithi nzima, akarudi kwenye nyundo yake ameshiba.

Jina hilo alipewa na wasomaji, na alilistahili. Hakuwa mtu wa kukuanzia mwanzoni. "Chukua hiki, kizuri sana," angesema, akikipapasa kitabu kama mtoto aliyetoka kuogeshwa. "Muuaji ni shemeji." Halafu angekutazama kwa upole wote, akishangaa mbona uso umekubadilika.

Si kwamba alikuwa na roho mbaya. Ugonjwa ule aliupata nyumbani. Mama mkwe wake, aliyehamia kwao baada ya macho kuishiwa nguvu, alipenda hadithi kupindukia ila hakuweza kabisa kukaa roho juu. Kila jioni, sahani zikishaondolewa mezani, Mama Mwisho akifungua tu mdomo kumsimulia alichosoma, bibi yule alimkatiza: "Kwanza niambie, anapona? Akifa sisikilizi." Miaka nenda miaka rudi, Mama Mwisho akazoea kuanzia mwisho, na mazoea hayo akaenda nayo kazini.

Mambo yakaharibika alipokuja mkuu mpya wa maktaba, kijana ambaye hata soksi zake zilipigwa pasi. Aliweka rafu fupi karibu na mlango na kuitundikia bango: "Wahudumu Wanapendekeza." Kila mhudumu aweke hapo kitabu anachokipenda, abandike kikadi chenye maneno machache, na awashawishi watu wakiazime. Vitabu vya mhudumu wa sehemu ya watoto havikumaliza asubuhi. Bwana yule alikuwa mvivu wa kusema, ukimwuliza kitabu kinahusu nini, alijibu, "Kasome." Vya Mama Mwisho vilibaki vikila vumbi. Kikadi chake cha kwanza kilisema: "Usiwe na wasiwasi, mtoto anapatikana."

Mkuu akamwita ofisini.

"Mama, mimi nakuheshimu sana," alisema, na mtu akikuanza hivyo ujue kuna jambo. "Lakini kaunta ile ni ya kuazimisha vitabu. Wewe unavimaliza hapo hapo. Mwezi huu ukiisha bila kitabu chako hata kimoja kutoka kwenye rafu, itabidi nikuhamishie stoo ya magazeti."

Stoo ya magazeti ilikuwa chini ya ngazi, haina dirisha, wala haikuwa na mtu wa kusema naye isipokuwa feni mbovu. Kwa mwingine ingekuwa kazi tu kama kazi. Kwa Mama Mwisho, aliyefika kila siku kabla mlinzi hajafungua geti kwa hamu ya kuona watu, ilikuwa ni kuzikwa akiwa hai. Alienda chooni akalia, akanawa uso, akarudi kaunta na kumjulisha dada mmoja kwamba bwana harusi hatokei.

Alijaribu kujirekebisha. Alijikaza kisabuni, akatia peremende mdomoni kila msomaji alipokaribia, lakini peremende iliyeyuka na maneno yakamtoka pamoja na yale aliyokuwa ameyalimbikiza tangu asubuhi. Ndipo akapata akili: asichokijua hawezi kukisema. Akachukua riwaya mpya ya fundi cherehani aliyepewa kazi ya kushona gauni la harusi la mwanamke ambaye yeye mwenyewe anampenda. Akaisoma mpaka asubuhi ya harusi, pale sanduku la gauni linapofikishwa chumbani kwa bibi harusi na kifuniko kinainuliwa. Hapo akafunga kitabu, vidole vikimwasha, akakikimbiza kwenye rafu. Kwenye kikadi akaandika: "Hata mimi sijui."

Jioni akamsimulia mama mkwe wake.

"Kwanza niambie, anampata?"

"Sijui, Mama. Sijamaliza."

Bibi akakubali kusikiliza shingo upande. Walipofika kwenye sanduku alikuwa amesogeza kiti hadi magoti yao yakagusana.

"Kifuniko kikainuliwa," alisema Mama Mwisho, akanyamaza.

"Ndani mna nini?"

"Sijui. Kitabu kiko kazini."

Bibi akarudisha kiti chake nyuma. "Mwanangu," akasema, "nimekukosea nini?"

Asubuhi, kaunta ikiwa imejaa watu, bibi akaingia maktaba ameshikwa mkono na jirani yao, mwalimu mstaafu. "Nimefuata lile sanduku," alisema kwa sauti ya mtu ambaye hajawahi kuona bango la kuomba ukimya.

"Sanduku gani?" aliuliza fundi viatu.

Bibi akaeleza. Alieleza yote, cherehani, gauni, mapenzi, mpaka kifuniko, na hapo akakwama. Ukumbi mzima ukageuka kumtazama Mama Mwisho. Mama Mwisho akanyoosha kidole kuelekea mlangoni, kilipokuwa kitabu. Fundi viatu akaruka kuelekea kwenye rafu, lakini mwalimu alikuwa ameshakikamata kitabu.

Mkuu mwenyewe ndiye aliyekigonga muhuri. Kisha akamwandikisha fundi viatu uanachama, maana alikuwa amegoma kuondoka bila kuhakikishiwa kwamba anafuata yeye. "Baki kaunta, Mama," mkuu alisema bila kumtazama usoni. Mama Mwisho akafurahi kupindukia.

Alirudi nyumbani mbio mbio. Mwalimu alikuwa ameshinda barazani akimsomea bibi mpaka ukurasa wa mwisho. Wakala. Sahani zikaondolewa. Bibi akajifuta mdomo taratibu, kama mtu asiye na habari yoyote.

"Haya, Mama. Lile sanduku?"

"Siku nzima leo nimekaa roho juu," alisema bibi. "Kumbe ni raha hivi, na wewe miaka yote unaninyima."

"Mama, si wewe uliyekuwa unataka..." Akaona hayana maana. "Basi kwanza niambie, anampata?"

Bibi aliyainua macho yake yasiyoona, akatabasamu hadi mapengo yakaonekana yote.

"Kasome," alisema.

Kitabu mwalimu alikuwa ameondoka nacho, anataka kukirudia peke yake. Kesho yake Mama Mwisho akajiandikisha kukisubiri, nyuma ya fundi viatu, ambaye husoma kwa kufuata mstari kwa kidole na hapendi kuharakishwa.