Nilisema Miezi Sita, Daktari Alisema Siku Moja

Admin, jina langu lifiche, na wilaya ungeificha pia, lakini wa huku watanijua tu. Nina miaka 33, ni fundi cherehani Kasulu mjini, mume wangu ni mwalimu. Tuna binti mmoja wa miaka minne. Mwaka jana nilitolewa titi la kushoto kwa saratani. Wenye kucheka wacheke, mimi nimeshalia yakaisha.

Baada ya upasuaji nilipelekwa Dar kupigwa picha ya mifupa. Walinichoma sindano ya dawa yenye mionzi kidogo. Daktari wa picha akanieleza kwamba dawa inakwenda kujikusanya kwenye mifupa, na penye ugonjwa inajikusanya zaidi, basi mashine inapaona. Nikanywa maji, nikasubiri saa tatu, nikalazwa chini ya mashine. Akaniambia, "Dada, leo usipakate mtoto. Kesho itakuwa imeshatoka mwilini." Picha ikaonyesha doa moja la mashaka ubavuni. Nikaambiwa nirudi baada ya miezi sita wapige tena.

Jioni mume wangu akapiga simu. Akasema, "Rudi mke wangu, nimekumiss." Jamani, moyo ulinipasuka. Sikuwa nimemwonyesha kifua changu tangu nitolewe nyuzi, kila siku nalala na blauzi. Nikajikuta nasema, "Daktari kakataza nisigusane na mtu miezi sita, nina mionzi." Nilitaka muda wa kujizoea tu, basi.

Wallahi sikumfikiria mtoto. Nafika nyumbani, mama mkwe ameshasikia kwa mume wangu, mtoto kampeleka kwake kijijini Nyakitonto, yeye karudi kunisubiri. "Mkwe, yule ndiye mjukuu wangu wa pekee," akaniambia akiwa mlangoni. "Poa kwanza, utamkuta." Sisi Waha tunasalimiana kwa kushikana mikono mpaka mabegani. Yeye alinipigia makofi mawili ya salamu kutoka mbali, akaondoka. Sahani yangu ikatengwa, kikombe kikatengwa. Mume wangu analala sebuleni kwenye mkeka, hajawahi kulalamika. Shangazi yake alipomwambia aoe mwingine, alijibu mbele ya ukoo mzima, "Mke wangu hajawahi kunidanganya hata siku moja, nitamsubiri." Nilikuwa jikoni, nikasikia. Nilitamani ardhi inimeze.

Sasa miezi sita inaisha mwezi ujao. Mtoto arudi, na mimi nirudi Dar kwenye picha. Nilipomkumbusha mume wangu, uso ulimbadilika. "Sindano ile ile? Yaani miezi sita mingine?" Mama mkwe yeye kasema wazi: nikichomwa tena, mtoto atabaki kwake mpaka aanze shule. Nisipokwenda, lile doa ubavuni nitalijuaje? Na usiku huu ubavu unauma, au ni woga wangu, sijui. Mara tatu nimefungua mdomo nimwambie ukweli mume wangu, mara tatu nimeishia kumuuliza kama ameshakula. Nikisema, mama yake atajua, ukoo utajua, na yeye aliyenitetea mbele ya ukoo ataonekana mjinga kwa sababu yangu.

Jumapili mume wangu alimleta mtoto anisalimie. Mtoto akasimama pale kwenye kamba ya nguo, ndiyo mpaka aliowekewa na bibi yake. Amerefuka, gauni nililomshonea halifiki magotini tena. Nikapiga magoti, nikasahau kila kitu, nikanyoosha mikono. Akarudi nyuma hatua moja, akauliza, "Mama, umeshapoa? Nije?"

Baba yake alikuwa amesimama pembeni ananitazama, anasubiri jibu kama mtoto mwenyewe. Ndugu zangu, nilikuwa nimeshapoa tangu siku ya pili. Nikasema, "Bado mwanangu."

Akanipigia makofi mawili kama bibi yake, akaondoka.

Nitukaneni mkimaliza, nimestahili. Ila kwanza niambieni, huyu mwanaume namwanzaje? Nifanye nini?